Wito wa harambee: dawa za mwalimu wetu, Ngamiani

Assalamu alaykum majirani wa Ngamiani, na ninyi wa Tanga mlio mbali.

Mwalimu wetu wa watoto wadogo amerudi madrasa, alhamdulillahi. Juzi kaandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia bado haujamtii. Alipokuwa kitandani mlimiminika, Mungu awalipe. Aliposimama tu, bakuli likakauka, na dawa ndiyo kwanza ameanza.

Wengi mnauliza kapatwa na nini. Alianza na UVIKO-19: homa, kutapika, hali wala hanywi. Baada ya siku kadhaa kichwa kikamuuma mno, akilala ndiyo kinazidi, macho yakaingia ukungu, kisha degedege. Wapo waliosema jini (tuyaache, ila muda ulipotea). Picha aliyopigwa Dar ikaonyesha damu imeganda kwenye vena za ubongo, zile zinazorudisha damu moyoni. Ni nadra, lakini virusi huweza kuifanya damu iwe rahisi kuganda, na kukaukiwa maji kunachochea. Mnaujua mtaro wetu wakati wa masika ukizibwa na chupa: maji hayapiti, yanarudi majumbani. Kichwani mwake ilikuwa hivyo hivyo.

Alichomwa sindano za heparini, sasa anameza vidonge vya warfarini, zote za kuzuia damu kuganda. Dawa hii haiyeyushi bonge. Inalizuia lisikue, mwili ulimalize wenyewe taratibu. Ndiyo maana matibabu huenda miezi 3 hadi 12. Dozi ikipungua damu inaganda tena, ikizidi anavuja damu, kwa hiyo lazima apimwe INR kila mara, yaani kipimo cha damu inachukua muda gani kuganda. Hata mchicha na kisamvu, maana mboga hizi hupunguza nguvu ya dawa, ale kiasi kilekile, siyo leo sufuria zima, kesho hata jani hagusi. Mkimpelekea chakula mkumbuke hilo.

Tunatafuta shilingi 1,800,000 za vidonge, vipimo vya damu, picha moja ya marudio, na nauli ya Dar, yeye na wa kumsindikiza. Posho ya madrasa mnaijua wenyewe.

Tukutane uani kwa madrasa Jumamosi baada ya Alasiri. Akina mama watatoa kahawa na mikate ya kumimina, na viroba 3 vya machungwa ya Muheza vitapigwa mnada. Mlio mbali, mpigieni mweka hazina. Hata buku tunapokea, na jina linaandikwa daftarini.

Kamati ya wazazi