Mhariri, habari ndogo za miji midogo msizitupe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua mnapenda barua fupi ila hii itarefuka kidogo, mnivumilie. Nataka niongelee zile habari ndogondogo ambazo mkizipata mnazisukuma pembeni kusubiri nafasi, na nafasi yenyewe haiji. Fulani kafungua gesti njia panda, fulani kaoza binti yake, bango jipya limesimamishwa, kinyozi kahama. Nyinyi mnaona hazina uzito, mimi naona siku mji ukishabadilika hizo ndo mtakazozitafuta na hamtazipata. Mfano wangu nautoa mbali, kwenye moteli za barabarani za Marekani, maana kule hili jambo limeshatokea likaisha na matokeo yake yanaonekana wazi.

Kwa asiyezijua, moteli ni nyumba ya kulala wageni iliyojengwa pembeni ya barabara, mara nyingi haina ghorofa, milango yote inatazama nje, gari unalipaki mbele ya chumba chako, hupiti lobi. Ya kwanza kujiita hivyo ilifunguliwa Desemba 1925 San Luis Obispo, California, kama katikati ya safari ya Los Angeles na San Francisco, na enzi hizo safari hiyo kwa gari huimalizi siku moja. Usiku dola 1.25. Ilikuja kufungwa 1991 na sehemu kubwa ikabomolewa. Mwaka mmoja tu baada ya hiyo kufunguliwa, 1926, ikaanzishwa barabara ya Route 66 kutoka Chicago mpaka California, karibu kilomita 3,900, na vimji vilivyopitiwa vikaanza kuishi kwa wapita njia, moteli, gereji, sheli, mgahawa, basi. Kuna mji mmoja New Mexico unaitwa Tucumcari, ulikuwa unabandika mabango barabarani maili nyingi kabla hujafika kukwambia kuna vyumba 2,000 vinakusubiri, yaani dereva amechoka, jua limezama, anahesabu mabango tu.

Sasa watu wanadhani moteli ziliuawa na filamu za kutisha au mashuka machafu. Hapana jamani, ziliuawa na lami. 1956 Rais Eisenhower alisaini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu mpya, pana, zisizo na makutano, na hizo barabara hazikupita katikati ya mji, zilipita pembeni. Nenda Amboy kwenye jangwa la California, pale pana Roy's, moteli na mgahawa wenye lile bango refu linalopigwa picha mpaka leo, barabara mpya ilipofunguliwa 1973 wateja walikatika ghafla kama umezima swichi. Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, kulikuwa na moteli bango lake ukitokea upande mmoja linakwambia hii ni ya kwanza Texas, ukitokea upande wa pili linakwambia ni ya mwisho, leo magofu. Na huko kwenye njia za kutokea za barabara mpya wakakaa wenye makampuni, Kemmons Wilson alikuwa ameshafungua Holiday Inn ya kwanza Memphis 1952 kwa hasira, alisafiri na familia yake mwaka uliotangulia akakuta moteli zinamtoza dola 2 za ziada kwa kila mtoto, na yeye anao watano. Unaweza ukamlaumu? Mimi siwezi, ila vyumba vyake vikawa vinafanana popote utakapolala na mwenye moteli ndogo hakuwa na ubavu wa kushindana naye.

Hapo ndo nafika kwenye hoja yangu. Moteli ikishabomolewa inabaki nini? Kuna postikadi, na kuna picha za John Margolies ambaye alizunguka Marekani miaka na miaka kuanzia mwishoni mwa miaka ya 60 akipiga picha mabango, sheli na moteli, zaidi ya 11,000, sasa ziko Maktaba ya Bunge la Marekani na mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia. Picha nzuri sana. Lakini nyingi hazina watu, unaona bango, unaona mlango, haujui nani alikuwa anafua yale mashuka. Anayekwambia hayo ni gazeti la kila wiki la mji mdogo. Yale magazeti yalikuwa na mwandishi wao kila kitongoji, mara nyingi mama wa nyumbani tu, anaandika nani katembelewa na shemeji yake, nani anaumwa, nani kaongeza vyumba viwili kwenye moteli yake. Wasomi walikuwa wanacheka. Leo wanaotafuta habari za babu zao wanazisaka humohumo, kwenye kurasa za zamani zilizowekwa mtandaoni.

Mchukulie Loree Bailey. Wengi wenu hamumjui, si ajabu. Yeye na mumewe Walter walikuwa na Lorraine Motel pale Memphis, mume ndo aliyeipa jina kwa ajili yake, na kipindi cha ubaguzi ilikuwa moja ya sehemu ambazo msafiri mweusi alikuwa na uhakika wa kulala, imo kwenye ule mwongozo wa wasafiri weusi aliouanzisha Victor Green, mgawa barua wa Harlem, mwaka 1936. Tarehe 4 Aprili 1968 Martin Luther King akapigwa risasi kwenye varanda mbele ya chumba namba 306. Hiyo dunia nzima inaijua. Ila siku hiyohiyo Loree alianguka kwa kiharusi, akafariki tarehe 9, siku King anazikwa. Habari kubwa ikaimeza habari ndogo kabisa. Moteli ilifungwa 1988, 1991 pakawa jumba la makumbusho, watu wanakuja kutoka kila kona kuangalia kile chumba, na ni wachache wanaouliza habari za yule mama wa kaunta.

Na hapa niseme wale wanaozililia moteli za zamani kwa ajili ya taa za neoni na magari ya kung'aa wananichosha. Moteli nyingi za Route 66 zilikuwa hazimpokei mtu mweusi, huo mwongozo wa Green haukuandikwa kwa burudani. Kumbukumbu isiyokuwa na majina na tarehe inageuka pambo, kila mtu anaipaka rangi anayoitaka. Hata wamiliki waliokuja baadaye hawatajwi kwenye hizo simulizi, na wengi wao ni Wagujarati, yaani Wahindi wa Gujarat, baadhi yao walifukuzwa Uganda na Amin 1972, wakanunua moteli ambazo wamiliki wa mwanzo walishazikatia tamaa, familia nzima inalala nyuma ya risepsheni na kufanya kazi zote.

Mji uliojinasua naujua, Seligman, Arizona, kwenye Route 66 hiyohiyo. Barabara mpya iliukwepa tarehe 22 Septemba 1978 na kinyozi wao, Angel Delgadillo, anasimulia jinsi magari yalivyokata siku hiyo hiyo. Hakuwa na hela wala cheo, alikuwa na kiti cha kunyolea na mdomo. 1987 wakaunda chama cha kuitetea barabara ya zamani, jimbo likakubali kuitambua kama ya kihistoria, wageni wakarudi. Kilichomsaidia ni kwamba waandishi walikwenda kumsikiliza. Sasa jiulize leo angesikilizwa na nani, maana chuo kikuu cha Northwestern kilihesabu 2023 kikakuta Marekani imepoteza karibu magazeti 2,900 tangu 2005, mengi yao ni hayohayo ya kila wiki ya vimji vidogo.

Ombi langu ni jepesi. Tengeni nusu ukurasa kila wiki, wasomaji watume habari za sehemu zilizofungwa au zinazokaribia kufungwa, gesti, vinyozi, stendi za zamani, chochote. Msizihariri sana mpaka zifanane. Aliyefagia na aliyepika watajwe kama alivyotajwa mwenye mali. Na picha ikija haina tarehe, haina jina la barabara wala la waliosimama, msiichape, mrudishieni mwenyewe aandike nyuma kwanza.

Ni mimi msomaji wenu wa siku nyingi.