"Aongeze bidii" si ripoti: barua kwa walimu vijana

Wanangu walimu,

Likizo ya Juni imeingia na magrupu ya WhatsApp ya wazazi yamejaa orodha. Watoto 82 wa darasa la tano, wa kwanza hadi wa mwisho, kila mzazi anachungulia alama za mtoto wa mwenzake. Chini yake mwalimu kaandika: "Wazazi tushirikiane." Tushirikiane katika lipi? Mama kaambiwa mwanawe ana wastani wa 23 kati ya 50 na kashika nafasi ya 61. Hiyo 61 akaifanyie nini nyumbani? Ungekwenda zahanati ukaambiwa wewe ni wa 61 kwa ugonjwa, usiambiwe unaumwa nini, ungerudi tena?

Baraza la Mitihani la Tanzania lenyewe mwaka 2023 liliacha kutangaza shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Ninyi mnaendelea kuwapanga foleni watoto wa miaka kumi.

Ugomvi wangu mkubwa ni na wastani. Chukueni mtihani wa Hisabati wenye maswali 20: kumi ya kujumlisha na kutoa namba nzima, kumi ya sehemu. Mtoto mmoja kapata yote kumi ya mwanzo, ya sehemu kakosa yote. Mwenzake kapata matano huku na matano kule. Ripoti zao zinafanana: 50 kati ya 100, "Wastani, aongeze bidii." Sasa ifungue karatasi ya yule wa kwanza. Kaandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Swali linalofuata, hivyo hivyo: kiasi (namba ya juu) kajumlisha na kiasi, asili (namba ya chini) na asili. Huyu si mvivu hata kidogo. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu, ila ni kanuni mbovu. Akiongeza bidii atakosea kwa kasi zaidi! Anachohitaji ni karatasi mbili zinazolingana, moja aikunje nusu, nyingine theluthi, kisha zote azigawe vipande sita sita. Ataona mwenyewe vitatu na viwili ni vitano vya sita. Kazi ya robo saa, lakini alama 50 haikumwambia mtu yeyote kwamba inahitajika.

Wastani unaficha na safari. Aliyepata 20 Februari, 35 Machi, 60 Aprili na 85 Mei anaandikiwa 50, kana kwamba bado yuko njiapanda. Anaadhibiwa Juni kwa asichokijua Februari.

Na nyie wa sekondari, mna sifuri zenu. Mwanafunzi ana 60, 70 na 65, jaribio moja lilimkuta na malaria, mnamwekea 0. Wastani unashuka kutoka 65 hadi 48.75, yaani B imekuwa C, na hakuna alichokisahau. Andikeni "hakufanya", mpeni jaribio lingine.

Mengine nayataja tu. Alama zisikatwe kwa mwandiko, kuchelewesha daftari au sare chafu. Tabia ina safu yake. Majina ya watoto na alama zao hayabandikwi hadharani. Swali moja halipimi umahiri, wekeni matatu au manne, maana kwenye majibu manne ya kuchagua anayebahatisha ana nafasi moja kati ya nne.

Namna ya kufanya ni hii. Kabla ya kutunga mtihani, chora jedwali: umahiri upande mmoja, namba za maswali upande wa pili. Unaposahihisha weka karatasi tupu pembeni yako. Kosa likijirudia liandike mara moja, majina yafuate chini yake. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuandikia ripoti. Kila mtoto sentensi tatu: anachoweza, kinachomkwamisha, cha kufanya nyumbani. Watoto watano kwa siku, darasa la 80 linaisha siku 16 za shule. Anza mapema Mei, usingoje wiki ya kufunga.

Mtaniambia madarasa yamefurika. Yamefurika kweli, na hiyo ni aibu ya wanaopanga bajeti, pamoja nasi tunaokaa kimya kwenye vikao vya shule. Kuna na wazazi wanaosoma namba ya nafasi tu, kisha wanatafuta fimbo. Wakuu wa shule nao wanataka asilimia ya ufaulu ya kutundika getini. Lakini sentensi tatu hazisubiri bajeti, wanangu.

Mzazi asiyejua kusoma msimpe karatasi akapotea nayo. Mketishe, fungua daftari la mtoto, mwoneshe kwa kidole alipopata na alipokwama, mtoto akiwepo.

Na kama fomu ya shule ina safu ya nafasi na mkuu hataki iondolewe, ijazeni msigombane naye. Sentensi tatu ziandikeni nyuma ya fomu, ni peupe na hakuna aliyepakataza.

Mzee wenu,
Mwalimu mstaafu