Barua kwa Zuhura: Mama na Ukili Wake

Pangani, Jumapili jioni

Mpendwa shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, shemeji na watoto, na kwamba baridi ya huko Leeds haijawasumbua sana. Sisi huku ni wazima, Alhamdulillah. Mwanahamisi amejifungua salama mtoto wa kike, na bibi zako wa Bweni wanakusalimu na kuuliza utakuja lini. Naomba uniwie radhi kwa kimya cha miezi minane. Sikunyamaza kwa kukusahau. Kila nilipotaka kuandika nilijikuta sina budi kuandika habari za Mama na maradhi yake ya kusahau, na habari zenyewe nilikuwa bado sijazielewa.

Mwezi uliopita tulimrudisha hospitali. Akaulizwa leo ni siku gani na huu ni mwaka gani, kisha akapewa kalamu achore saa. Wewe unamjua Mama: elimu yake ni ya chuo cha Kurani kwa marehemu Mwalimu Bakari, na maisha yake yote mkono wake umeshika miyaa, haukushika kalamu. Aliitazama ile kalamu, akaiweka mezani taratibu, akanyamaza. Tuliporudi nyumbani nikaona kwenye karatasi yameandikwa maneno mawili: “Hashiriki chochote.” Kaka Salim aliyasoma kwa sauti mbele ya watu wote, na tangu siku ile anasema kwamba Mama hayupo tena, kwamba kumtoa barazani kila asubuhi ni kumchosha bure, na kwamba afadhali akae chumbani, aletewe chakula, na mlango ufungwe asije akapotea. Najua Kaka anasema hivyo kwa hofu wala si kwa ubaya, kwani ndiye aliyemtafuta usiku kucha ile mara alipotoka akafika ng’ambo ya kivuko. Hata hivyo maneno yale yamenikaa kooni.

Mama yupo, Zuhura. Siku tatu baada ya hospitali, Bi Mwanaasha alikuja barazani na miyaa yake, nami nikachukua kidogo nijaribu kusuka ukili. Mama alikuwa amekaa kimya tangu alfajiri. Akanitazama mikono kwa muda mrefu, akanyoosha mkono wake, akaushika ukili wangu, akasema, “Vuta, mwanangu, huu umelegea.” Ilikuwa sentensi yake ya kwanza kamili kwa siku nyingi. Kisha akaendelea kuusuka yeye mwenyewe, na vidole vyake havikukosea hata mara moja.

Usiku ule nikaitafuta barua yako ya zamani, ile uliyoniandikia ulipomaliza mafunzo ya kutunza wazee, ukanieleza habari za Tom Kitwood wa Chuo Kikuu cha Bradford, aliyefariki mwaka 1998, na ile njia aliyoianzisha yeye na wenzake ya kukaa kando ya wagonjwa wa kusahau na kuandika kila dakika 5 mtu anafanya nini na yu katika hali gani, kuanzia alama 5 za juu kwa mwenye furaha na aliyezama katika jambo, hadi alama 5 chini ya sifuri kwa mwenye dhiki. Wakati ule niliisoma kama habari ya mbali. Safari hii nikachukua daftari la hesabu la mtoto, nikakaa nyuma kidogo ya Mama bila ya kumsemesha, nami nikaanza kuandika.

Nimeandika siku 16 sasa. Asubuhi kati ya saa tatu na saa tano, akiwa amekwisha kunywa chai, Mama husuka kwa dakika 30, na siku moja alifika 45. Jambo hilohilo nikimpa saa kumi na moja jioni, huliacha kabla ya dakika 5 na kuanza kuuliza njia ya kwenda kwa mama yake. Wifi alimletea vile vipande vya plastiki vya kupangia rangi, vya watoto. Mama alivisukuma kwa nyuma ya mkono. Kukataa huko nako nimekuandika, kwa sababu anayekataa ameona, amepima, na ameamua.

Mpwa wangu anayesoma uuguzi alinitafutia makala ya mwaka 2009 ya mtafiti Jiska Cohen-Mansfield na wenzake, juu ya namna ya kupima kushiriki kwa wagonjwa wa kusahau, akanisomea kwa Kiswahili. Wao hutazama kama mgonjwa anakikataa kile alichopewa, anakaa nacho kwa muda gani, macho na akili zake zimeelekea wapi, anakipokea kwa uso gani, na anakifanyia nini. Nilipoyasikia hayo niliirudia ile karatasi ya hospitali. Ilipima kujibu, basi, kwa kalamu na kwa maswali. Neno lenyewe “kushiriki” nimelifikiria sana, maana kwetu mtu hushiriki arusi au maziko pamoja na wengine, ilhali ninachokiona kwa Mama ni mkono na moyo kuwa mahali pamoja, hata akiwa hasemi na mtu. Labda “kuzama” ndiyo yenye kufaa. Au pengine… sijui, wewe utanisaidia.

Na huhitaji kwenda Ulaya kuliona hili. Kule Hai, Kilimanjaro, watafiti waliofanya kazi na wazee wengi wasiojua kusoma walitengeneza kipimo ambacho mzee anapanga njiti za kiberiti badala ya kuchora kwa kalamu, na baadaye wakaendesha vikao 14 vya pamoja vya kuamsha akili kwa muda wa wiki 7, wakivirekebisha vilingane na maisha ya huko. Tena kuna jambo jingine lililoniuma: juzi muuguzi wa zahanati alimtazama Mama masikioni, akakuta sikio la kulia limezibwa na nta. Alipolisafisha, Mama aligeuka alipoitwa. Ni mara ngapi tumesema haelewi, kumbe hasikii?

Ijumaa baada ya sala tutakaa kikao cha familia, naye Kaka Salim atakuja na karatasi yake. Mimi nitakwenda na daftari langu, na ndiyo sababu nimekupigia picha kurasa zote na kukutumia. Nakuomba uzisome kwa jicho la kazi, wala si kwa jicho la mtoto wa nyumba hii. Je, nimeandika vile inavyotakiwa, au mapenzi yangu yamezipandisha alama? Mama akikaa bila ya kusuka huku akimfuata Bi Mwanaasha kwa macho, nihesabu kwamba ameshughulika, au niache? Akiukunja na kuukunjua upindo wa kanga yake kwa nusu saa, hiyo ni shughuli au ni dalili ya wasiwasi, na nitatofautishaje? Zile siku 3 alizolala karibu asubuhi nzima baada ya kubadilishiwa dawa, niziache nje ya hesabu, au nimweleze daktari kwanza? Huko kwenu, mwenye kupotea njia hufanyiwa nini ili asifungiwe? Na wewe mwenyewe, jamaa za wazee wakikwambia mtu wao hayupo, huwajibu nini?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata kwa mistari michache. Ukili alioumaliza wiki hii nimeukunja nikauweka kabatini. Kwa urefu uliofikia sasa, Bi Mwanaasha anasema unatosha kuanza kushonea msala.

Akupendaye daima,
Saida