Kwa Nini GPS Inayofanya Kazi Mezani Hupotea Ndani ya Gari

Wateja wanaotengeneza vifaa vya kufuatilia magari na pikipiki hutujia sisi wapimaji wa vifaa hivyo na lalamiko lilelile: dirishani kifaa kinaonyesha mahali kilipo bila shida, lakini kikishafungwa chini ya dashibodi, gari lililoegeshwa huonekana kwenye ramani likirukaruka mitaa. Mara nyingi antena imekwisha kulaumiwa na kubadilishwa mara mbili.

Mawimbi ya GPS, ambayo kifaa hutumia kujua mahali kilipo, ni dhaifu mno. Setilaiti ya GPS huzunguka kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na mawimbi yake ya megahezi 1575.42 yanapofika ardhini huwa na nguvu ya takriban -130 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyoshuka chini ya sifuri ndivyo nguvu inavyopungua), chini hata ya kelele ya umeme ya kipokezi chenyewe. Sentimita chache pembeni, kwenye bodi hiyohiyo, modemu ya 2G, yaani sehemu inayotuma taarifa kwa mtandao wa simu, inaweza kurusha hadi wati 2. Kukipima kipokezi modemu ikiwa imezimwa ni kama kumpima mtu masikio chumbani, kisha kumpangia kazi kando ya mashine ya kusaga.

Kwa hiyo huwasha sehemu moja baada ya nyingine, yaani modemu, skrini na chaji, huku tukisoma uwiano wa mawimbi na kelele wa kila setilaiti, ambao mahali pa wazi unapaswa kuwa kati ya 40 na 50 dB-Hz (kipimo cha uwiano huo) kwa setilaiti zilizo juu angani. Kifaa kimoja cha pikipiki kilistahimili modemu vizuri, ila namba zilishuka kila taa ya chaji ilipowaka. Mkosaji alikuwa saketi ya kushusha volti, iliyopangwa ubavuni mwa njia ya antena. Iliposogezwa na kufunikwa kwa bati, antena ya kwanza ilirudishwa kazini.

Muda ambao kifaa huchukua kupata mahali kilipo tangu kiwashwe hupimwa ndani ya kisanduku kisichopitisha mawimbi, kwa mashine inayoigiza setilaiti, ili jaribio liweze kurudiwa vilevile. Kila setilaiti hurudia taarifa za njia yake kila baada ya sekunde 30. Kipokezi lazima kipate taarifa hizo kwanza, kwa hiyo kifaa kinachodai kupata mahali kwa sekunde 5 bila intaneti wala kumbukumbu ya taarifa hizo, sisi hatukiamini.

Jaribio la barabarani tunalirudia saa 2 usiku, kwa kuwa katika ukanda wa ikweta tabaka la ioni, yaani sehemu ya juu ya anga yenye chembe za umeme, huchafuka baada ya jua kuzama na kuyumbisha mawimbi. Tuletee kifaa kikiwa ndani ya kasha lake la mwisho, na betri yake na laini yenye bando.