Bettye LaVette hakuuharibu wimbo ule

Ndugu Mhariri,

Makala iliyotoka wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wenu wa burudani nimeisoma mara tatu. Ni ile inayosema Bettye LaVette, mwimbaji wa Marekani, ameuharibu wimbo wa The Moody Blues, bendi ya Uingereza, "Nights in White Satin", na kwamba nyimbo za namna hiyo ziachwe zilivyo. Mwandishi anasema bibi huyo anaimba kama mtu aliyeko msibani. Nadhani alikusudia kumshusha. Kwangu hilo ndilo neno la kweli kuliko yote aliyoandika, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Wimbo wenyewe naupenda, na ule wa kwanza naupenda sana. Niliusikia mwaka 1980, nikiwa mwalimu mgeni kazini hapa Kigoma. Mwalimu mwenzangu alikuwa na redio kaseti na kanda moja ya nyimbo za Kizungu, ambayo wimbo huo ukiisha tu inaingia sauti ya mtu akisoma taarifa ya habari. Betri zikilegea tulizianika juani juu ya bati, zikapata uhai wa nusu saa. Zikichoka katikati ya wimbo, ile filimbi ya Ray Thomas, mpiga filimbi wa bendi hiyo, ilishuka polepole kama mtoto anayepitiwa na usingizi. Miaka mingi baadaye nilipousikia kwenye redio yenye umeme wa kutosha, nilishangaa kwamba filimbi haishuki. Mpaka leo, moyoni mwangu, inashuka.

Kwa hiyo sizungumzi kama mtu asiyejua kilichoguswa.

Wimbo ule aliutunga Justin Hayward, mwimbaji wa bendi, akiwa na miaka 19. Ulitoka mwaka 1967, kwenye albamu ambayo bendi ilishirikiana na okestra, wakipita kutoka alfajiri mpaka usiku, na wimbo huu ndio usiku wenyewe. Kijana yuko peke yake. Anataja satini nyeupe, na Hayward amesimulia kwamba ilitokana na mashuka aliyopewa na msichana. Anataja barua alizoziandika bila nia ya kuzituma. Kisha anapaza sauti kwamba anapenda, anarudia tena kwamba anapenda. Hakuna kisa wala jina la mtu. Kiingereza nilikifundisha miaka thelathini, na nawaambia hakuna neno gumu mle ndani ambalo mwanafunzi wa kidato cha kwanza angelishindwa.

Mwandishi wenu analilia violini za asili, kwamba LaVette ameziondoa na roho ya wimbo imekwenda nazo. Hapo amekosea kabisa. Okestra ipo kwenye albamu, ni kweli, lakini wingu lile la violini linalombeba Hayward anapoimba linatoka kwenye kinanda kiitwacho Mellotron, alichokuwa akikipapasa Mike Pinder, ambaye kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha vinanda hivyo huko Birmingham. Chini ya kila kibonye cha Mellotron kuna utepe uliorekodiwa ala halisi. Ukibonyeza, utepe unapita kwa sekunde kama nane, halafu unafika mwisho, na lazima uinue kidole ili urudi ulikoanzia. Yaani violini anazozililia ni za watu waliopiga siku nyingine, kwenye chumba kingine, bila kujua zitatumika wapi. Pinder alizichukua akazitia uhai wake. Alichokifanya LaVette kwenye wimbo mzima kina tofauti gani na hicho?

Sasa nimzungumzie huyu bibi, maana makala haikumpa hata mistari mitatu.

Bettye LaVette amezaliwa Januari 1946. Justin Hayward amezaliwa Oktoba mwaka huohuo. Ni rika moja. Mwaka 1962, akiwa na miaka 16, LaVette alitoa santuri yake ya kwanza na ikapendwa. Mwaka 1972 alikwenda Muscle Shoals, Alabama, akarekodi albamu nzima kwa ajili ya kampuni kubwa. Kampuni ikaiweka kabatini. Haikutoka mwaka ule wala mwaka uliofuata. Ilikuja kutoka mwaka 2000, na ilitolewa Ufaransa, miaka 28 baada ya kurekodiwa. Na tazameni tarehe zinavyokutana: mwaka huohuo wa 1972, "Nights in White Satin", ambao ulikuwa umetolewa miaka mitano nyuma bila Wamarekani kuujali sana, ulirudi kwenye redio zao ukapanda mpaka namba mbili. Kijana wa Kiingereza barua yake imefika. Msichana wa Detroit wa rika lake, barua yake imefungiwa kabatini.

Desemba 2008, kule Washington, LaVette alipewa nafasi ya kuimba wimbo wa The Who, bendi ya roki ya Uingereza, mbele ya wenyewe, Pete Townshend na Roger Daltrey, wakiwa wamekaa juu kwenye roshani. Baada ya hapo ndipo alipoitengeneza albamu ya mwaka 2010 ya nyimbo za roki za Waingereza, na huu ukiwamo. Alikuwa na miaka 64.

Mjukuu wangu ndiye aliyenisikilizisha, kwenye simu, tumekaa barazani hapa Ujiji baada ya magharibi. Sikuutambua wimbo mwanzoni. Sauti inakwaruza, haina haraka, inalichelewesha neno mpaka unadhani amesahau, kisha analitoa kama mtu anayetua mzigo. Alipofika kwenye zile barua nilimwambia mjukuu asimamishe.

Nina sababu yangu, na sioni haya kuisema kwa umri huu. Kulikuwa na kijana aliyepanda treni hapa stesheni ya Kigoma kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi bandarini. Wanaojua stesheni ile wanajua kwamba reli inaishia pale. Anayeondoka ana upande mmoja tu wa kwenda, na anayebaki anatazama upande mmoja tu. Niliandika barua nyingi, kwenye karatasi za katikati ya daftari ili nisiliharibu lenyewe. Nilituma mbili. Nyingine nilizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, nikiahidi kwamba wiki ijayo nitapita posta. Baadaye niliolewa na mtu mwingine, mtu mwema, tumekaa naye mpaka Mungu alipomchukua. Mwaka tuliohamisha vitu kupisha fundi wa paa, nililikuta lile kopo limekaliwa na mchwa. Walikuwa wamekula pembeni kote, wakaacha katikati ya karatasi. Sentensi hazina mwanzo wala mwisho. Nilisimama pale nikisoma vipande vya msichana ambaye nilikuwa nimeshamsahau.

Hayward anapoimba kuhusu barua asizokusudia kuzituma, anaimba kuhusu barua za jana. Bado angeweza kuamka akazituma. Huzuni yake ina mlango. LaVette anapoyaimba maneno yaleyale, wa kutumiwa huenda hayupo tena, anwani imebadilika, mwandishi mwenyewe amebadilika. Ndiyo maana anaimba kama yuko msibani. Yuko msibani kweli. Mwandishi wenu amesikia sawasawa, ila anadhani kilio ni kasoro ya sauti.

Na wimbo uleule ndio uliobeba yote mawili. Kama ungekuwa chombo dhaifu, ungepasuka. Sijui heshima gani kubwa kuliko hiyo ambayo mwimbaji anaweza kumpa mtunzi.

Kuna jambo moja nakubaliana na makala. Mtunzi atajwe. Hapa kwetu ukumbi unajaa, kijana anapiga kopi ya wimbo wa zamani, mshereheshaji anatangaza "wimbo wake mpya", na watu wanapiga makofi. Hilo ni kosa, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini dawa ya kosa hilo ni kutaja jina na kumlipa mwenyewe au warithi wake. Kuwakataza watu wasiimbe si dawa.

Na mji huu hasa ndio ungetangulia kuelewa. Marehemu Shem Karenga alitoka hukuhuku Kigoma, akapiga na Lake Tanganyika Jazz, akaenda kung'ara na Tabora Jazz. "Dada Asha" yake watu wazima wote wa Ujiji na Mwanga wanaijua. Juzi kwenye sherehe ya jirani niliusikia ukiimbwa na binti wa mtaani kwetu, mwenye sauti safi kabisa. Aliuiga kila kitu: mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kulegeza neno, hata ule uzito wa sauti ya kiume aliulazimisha kooni. Watu walifurahi, nami nilipiga makofi. Lakini nilikuwa nasikia mtu amevaa koti la babu, mikono imezidi.

Nilimwita pembeni akiwa anakunywa soda. Nikamuuliza: mwanangu, wewe ni mwanamke, na anayeitwa humu ni mwanamke. Umeshawahi kumfikiria huyo Asha? Akaniambia, "Bibi, sijawahi kumfikiria Asha, nimemfikiria anayemwita." Nikamsikilizisha LaVette palepale, simu tumeiweka katikati yetu, jenereta linanguruma nyuma ya turubai. Hajui Kiingereza kingi. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza huyu bibi amefiwa na nani.

Tangu siku hiyo wanafanya mazoezi na mpiga solo wake kwenye uwanja wa nyuma ya nyumba yangu. Wamepunguza mwendo. Tumba wameiondoa kwa nusu ya kwanza, inaingia baadaye sana, na ikiingia inakuwa kama mtu anabisha hodi. Kuna sehemu moja anapolitaja jina la Asha, halipazi tena, analisema kama anamwita mtu aliyelala na hataki kumshtua. Bado hajaipata vizuri. Mara nyingine anaogopa, anarudi kwenye sauti ya mzee. Mpiga solo anamsubiri, wanaanza upya.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wataupiga kwenye harusi, Gungu. Nimeshamwambia mshereheshaji ataje jina la Shem Karenga kabla hawajaanza, na amekubali. Namwomba mwandishi wa makala ile aje. Nitamwekea kiti karibu na spika ya kushoto, kwa sababu ile ya kulia inakoroma. Asikilize mpaka tumba iingie, ndipo aandike lolote atakaloona.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma