Salamu za Krismasi kutoka Amsterdam

Bwana Yesu asifiwe sana wapendwa. Nawasalimu wote, baba wadogo, mashangazi, wanakwaya wenzangu wa zamani wa Shirati kule Mara na nyie mliohamia Mwanza mkatusahau kabisa. Ni matumaini yangu hamjambo kwa neema zake Mungu. Mimi huku sijambo ila baridi na bei, gesi ya kupashia nyumba joto imepanda mpaka tunakaa na makoti ndani, na najua huko nako mafuta ya kula na nauli havishikiki, kwa hiyo mtu asiniandikie "wewe si uko Ulaya", tumebanwa wote.

Jumapili nilisali kwa Wamennonite wenzetu wa hapa mjini, kanisa linaitwa Singelkerk. Jamani, ukipita kando ya mfereji wa Singel hulioni. Unaona nyumba za watu tu zimebanana, namba 452 ni mlango kama milango mingine, hakuna mnara, hakuna kengele. Unaingia ndani ndani huko nyuma ya nyumba, mara ukumbi mkubwa huo, dari ya mbao imepinda kama mtumbwi uliofunikwa, nguzo, roshani za watu kukaa juu, na kuta hazina sanamu hata moja. Limejengwa 1608, likapanuliwa 1639, na zamani waliliita Lam, yaani Mwanakondoo, jina la kiwanda cha bia kilichokuwa jirani (wazee wa kanisa hapo mpite haraka).

Habari za Menno Simons, yule tuliyepata kwake jina la Wamennonite, aliyeacha upadri 1536 mnazijua, na za waliochomwa na kuzamishwa majini kwa ajili ya ubatizo wa watu wazima. Waholanzi walipomwasi mfalme wa Hispania mauaji yale yakaisha, lakini kanisa rasmi la kuonekana hadharani likabaki la Reformed, yaani Waprotestanti wafuasi wa Calvin, wengine wengi salini tu ila barabarani jengo lisijulikane ni kanisa. Na mji mzima ulijua wako mle! Halafu Wamennonite humohumo mafichoni wakagombana, 1664 wengine wakatoka wakaenda kusali jengo lingine liitwalo Zon, hawakuungana tena mpaka 1801. Kamati yetu ya ujenzi msijione wa kwanza.

Jumapili hiyo walipoanza kuimba nikamkumbuka mama. Hii ni Krismasi ya kwanza hayupo. Mnajua sikuja kumzika, kibali changu cha kukaa kilikuwa hakijatoka, nikaangalia mazishi kwenye simu na netiweki ikakatika palepale mnapomshusha, nikabaki jikoni nimeshika simu. Kila Krismasi alfajiri alikuwa ananitumia voisi, hata salamu hatoi, anauliza tu "umekula?". Basi.

Wapendwa niwaambie ukweli. Sisi tangu Wamennonite wafike Shirati 1934 tunasali mchana kweupe, spika zinasikika mpaka ziwani, lakini siku hizi tunashindana nani kavaa nini, nani katangazwa katoa shilingi ngapi, mtu anakopa kwenye simu avae sare ya Krismasi halafu Januari mtoto anarudishwa nyumbani hana daftari! Acheni hayo. Vaa ya mwaka jana, ifue, njoo usali. Kama pilau haipo kuna ugali na dagaa, Bwana hakuzaliwa hotelini. Mliogombana oshaneni miguu kwa moyo, sio mnamwagiana maji tu huku mmenuniana, na mjane wa jirani apelekewe chakula kabla nyie hamjakaa mezani, tena mpeleke bila kupiga picha.

Nawatakia nyote heri ya Krismasi na baraka tele za mwaka mpya, Mungu awape afya njema, awazidishie mlipopungukiwa na awafute machozi mliofiwa.

Shangazi, hela ya kujengea kaburi la mama nimemtumia mdogo wangu, akikaa kimya muulize.