Wanangu mnaotaka kutengeneza magemu, njooni kwanza tuchore kwenye kadibodi

Wanangu sita,

Jumamosi iliyopita mlikuja barazani mkanipa simu nijaribu gemu lenu. Niliona mlivyokuwa mkinitazama usoni, nikanyamaza kwa kuwa watu walikuwa wengi. Nimekaa nalo moyoni wiki nzima. Nawaandikia wazi kwa sababu hamko peke yenu: wako wenzenu Tabata, Mbagala na Kigamboni wanaokesha mpaka saa nane za usiku kwa kazi hiihii, na nyumbani wanaambiwa wanapoteza muda.

Mnajua nilikotoka. Kuanzia mwaka 2003 nilikuwa na kibanda cha magemu hapa Mwananyamala: televisheni tatu za chogo, mashine za mtumba kutoka Kariakoo, mechi moja shilingi mia. Kwa miaka kumi na moja nilikaa nyuma ya wachezaji nikiwatazama migongo. Kijana aliyefungwa tano bila aliweka padi chini taratibu akaenda zake. Aliyefungwa moja bila dakika ya mwisho alijipapasa mifukoni, na asipopata kitu alimkopa mwenzake. Wote wawili wameshindwa, ila huyu wa pili alijua amekosea wapi na aliamini kwamba akirudia hatakosea. Kazi mnayoitaka ni kumtengeneza huyo wa pili. Mengine yote, picha, muziki, hadithi, yanakuja kumhudumia yeye.

Gemu lenu mmetaka libebe Dar es Salaam nzima: mwendokasi, soko la Kariakoo, kivuko cha Kigamboni, Coco Beach na mvua za masika juu yake. Nilisoma maelezo dakika nne kabla sijagusa kitu. Aliyechora ile foleni ana mkono, namwambia hilo kwa dhati. Lakini nilipoanza kucheza sikupata cha kuamua. Nilitembea, maandishi yakatokea, nikatembea tena.

Mwaka 1984, pale Moscow, Alexey Pajitnov alitengeneza Tetris kwenye kompyuta iitwayo Elektronika 60, ambayo haikuwa na uwezo wa kuonyesha picha. Vile vipande vinavyoshuka alivichora kwa alama za mabano, zilezile za kuandikia. Na bado watu walinogewa, kwa sababu kila kipande kinakuuliza utaniweka wapi, na muda wa kujibu unakwisha.

Lakini kwa nini twende mbali, na bao liko hapa barazani? Safu nne, mashimo 32, kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, anaziingiza mojamoja. Hiyo ndiyo namua. Za mkononi zikiisha, mnaingia kwenye awamu ya pili, iitwayo mtaji, na mchezo unageuka sura. Aliyelibuni hatumjui jina, ila tazameni alivyomlea mgeni: ugumu kamcheleweshea, bila ukurasa hata mmoja wa maelezo. Kisha akaweka nyumba, shimo moja la pekee kwa kila mchezaji. Katika namua, ukiwa unakula na kete ya mwisho ikaangukia nyumbani kwako, unachagua ulale, yaani uishie hapo, au usafiri, yaani uzichukue kete za nyumba uendelee kusambaza. Nacheza bao mwaka wa arobaini na kitu huu, na nikifika pale mkono bado unasita juu ya shimo. Tafuteni huo mkono unaosita. Gemu lenu likiwa nalo hata mara moja kwa dakika, mtu ataliomba tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza utawauma: wekeni kando jiji zima, mchukue konda mmoja. Gari la Mbagala kwenda Kariakoo, viti vichache, vituo vichache. Asubuhi kituoni kuna watu wazima na kuna wanafunzi. Mwanafunzi analipa nauli ndogo na nafasi anayoijaza ni ileile. Jioni tajiri mwenye gari anataka hesabu yake. Nani apande? Usubiri gari lijae, au uondoke kabla ya mwenzako wa nyuma hajakuwahi? Kila mtu wa mji huu amewahi kusimama upande mmoja wa swali hilo, na wengi wetu tumewahi kuachwa kituoni tukiwa na sare za shule. Hapo mna gemu la dakika tatu ambalo mtoto wa Temeke atalielewa bila kuelezwa, na mgeni atatoka amejifunza kitu kuhusu sisi.

Likiisha, mpeni mtu asiyewajua. Kaeni nyuma yake, midomo ifungwe. Msimwambie "bonyeza pale". Akikwama, andikeni amekwama wapi. Hili ndilo somo gumu kuliko yote katika kazi hii, gumu kuliko kuandika programu, maana mtu anaona aibu ya kazi yake ikikosewa mbele ya macho yake. Mimi kibandani sikuwa na la kulinda, ndiyo maana niliona. Ninyi mna la kulinda, na itabidi mvumilie.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Injini ya Godot, yaani programu ya kutengenezea magemu, ni ya bure na msimbo wake uko wazi tangu 2014. Laptopu ya kawaida inaibeba. Unity nayo inajulikana sana, ila kumbukeni kwamba mwaka 2023 wenyewe walitangaza ada mpya inayohesabiwa kwa kila gemu linapowekwa kwenye kifaa, watengenezaji wakapiga kelele, na 2024 ikafutwa. Chombo cha mtu kinaweza kubadilika masharti ukiwa katikati ya safari. Google Play wanatoza dola 25 mara moja tu kufungua akaunti, Steam, duka la magemu ya kompyuta, dola 100 kwa kila gemu. Na ukifungua akaunti binafsi mpya Google Play, wanataka watu 12 walijaribu gemu lako kwa siku 14 mfululizo kabla ya kulitoa. Hao 12 anzeni kuwatafuta leo. Pia lifanyeni liwe jepesi, kwa sababu mchezaji wenu ananunua bando la siku, na simu yake imejaa picha za harusi ya dada yake.

Aliye na kazi asiiache. Gemu la kwanza huwa linalipa kwa mafunzo, na kodi ya nyumba haingoji.

Lingine ni la maandishi, na hapa nasema kwa uchungu. Kile kibanda nilikianza na rafiki wa utotoni. Hatukuandika chochote, tuliaminiana. Tulipoachana hatukukubaliana nani alinunua televisheni ipi, na mpaka leo tunapishana msikitini kwa salamu fupi. Hata Pajitnov, ambaye gemu lake lilizunguka dunia, alianza kupata mirabaha yake mwaka 1996, miaka 12 baadaye, kwa kuwa haki hazikuwa mikononi mwake. Ninyi mko sita. Andikeni ukurasa mmoja: nani amefanya nini, fungu la kila mtu ni lipi, akiondoka mmoja michoro yake inabaki ya nani. Wekeni saini zenu sita. Jina la biashara lisajiliwe BRELA, na masuala ya hakimiliki mwende mkaulize COSOTA wenyewe, msitegemee maneno ya kijiweni. Fanyeni hivyo sasa wakati mnapendana na hakuna hata shilingi ya kugombania.

Jumamosi njooni baada ya alasiri. Laptopu ziacheni nyumbani. Leteni kadibodi, mkasi na kalamu ya wino mzito. Abiria watakuwa kete zangu, na yule binti wa duka la jirani amekubali kuwa konda wa kwanza.

Mzee wenu,
Mwananyamala, Dar es Salaam